Mafuta ya mwarobaini: yananuka balaa ila mba zimeniachia

Nimeyatumia miezi mitatu so sasa naweza kuongea. Mi nimekulia Tanga, mwarobaini ulikuwa uani kwetu, nilivyougua tetekuwanga bibi alichemsha majani akaniogesha na mabichi akanitandikia kitandani, nikipata homa napewa kikombe cha yale maji huku nimebanwa pua, chungu kama shubiri. Jina lenyewe si mnajua, watu wanasema unatibu magonjwa arobaini, mi hayo arobaini sijayahesabu.

Miaka yote hiyo nilijua ni mti wetu, kumbe asili yake India na Burma huko. Jirani yangu Mhindi wa Maharashtra ndo kanifungua macho, anasema kwao vijiti vyake ni mswaki, na siku ya mwaka mpya wao, Gudi Padwa, wanakula majani yake na sukari guru, uchungu na utamu mdomoni kwa pamoja.

Haya tuje kwenye mafuta. Yanakamuliwa kwenye mbegu, sio majani. Chupa ya kwanza niliyonunua ilikuwa feki nna uhakika, meupe kama maji na yananukia maua. Mwarobaini unukie maua wapi! Hii ya pili ni ya kahawia, nzito, harufu ni kama kitunguu saumu kimechanganywa na karanga zilizooza, ukifungua tu nyumba nzima inajua. Sasa mi naishi Arusha, mwezi wa saba na ile baridi asubuhi nakuta mafuta yameganda chupani, nikasema nimepigwa tena, nikampigia muuzaji kwa hasira mpaka nikamsonya. Kumbe mafuta orijino ya mwarobaini ndo yalivyo, baridi ikizidi yanaganda, unaweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu yanarudi. Ilibidi nimpigie tena kuomba radhi, aibu niliyoiona acha tu.

Nnavyotumia: kijiko kimoja cha chai kwa vijiko vitano vya mafuta ya nazi, napaka kichwani nakaa nusu saa naosha na shampuu mara mbili. Usipake yenyewe tupu, mi nilijaribu ngozi ikawaka. Wiki ya tatu muwasho ukaisha, mba zimepungua sana ingawa nikiacha wiki mbili zinarudi. Nywele kukua sijaona chochote, wanaokwambia zinakua waulize picha. Shida ni nyumbani, wife kashasema nichague, mafuta au kitanda, kwa hiyo napaka jumamosi mchana tu.

Iliyobaki nikaichanganya na maji na sabuni kidogo nikapulizia sukuma wiki yenye vidukari, jioni maana juani inaunguza majani, na hapo ndo imenifurahisha kuliko hata kichwani.

Ila jamani MSINYWE. Majani ya bibi ni kitu kingine na haya mafuta ni kitu kingine, mtoto mdogo akinyweshwa anaweza kupata degedege hata kufa, na mjamzito akae nayo mbali kabisa. Chupa yangu haikuandikwa onyo lolote, hapo nimewatoa nyota moja.

Nyingine nimeshaagiza ila ya mililita 50, ya 100 ni nyingi itachacha kabla sijaimaliza.