Kabla ya kununua riwaya ya mapumziko, fuata namba za kurasa

Mwezi uliopita nilinunua riwaya ya upelelezi katika duka moja la vitabu karibu na Posta, Dar es Salaam, nikapanda nayo boti ya kwenda Unguja nikiwa na hakika kwamba safari ingekwisha bila mimi kuihisi. Nilipofika ukurasa wa 112, mpelelezi alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa chumba cha marehemu. Nikahamisha macho kwenye ukurasa unaotazamana nao, nikajikuta ukurasa wa 129, mtuhumiwa amekwisha kutiwa pingu na mjane analia. Kurasa 16 hazikuwamo, wala hapakuwa na alama ya kuchanwa, kwa sababu hazikuwahi kutiwa.

Kwa hiyo wasomaji wanaponiuliza wanunue kitabu gani cha kupumzikia, siwaelezi habari za jalada wala unene, mambo ambayo kila mnunuzi huyatazama bila kuambiwa. Vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa ambazo hukunjwa zikawa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na mafungu hayo hupangwa kwa zamu kabla ya kutiwa gundi mgongoni. Fungu moja likirukwa, kitabu hakionekani kupungua, na hakuna atakayejua mpaka msomaji afike hapo. Pengo likitokea katika kitabu cha kiada, mwanafunzi ataazima cha mwenzake. Katika hadithi inayosomwa kwa raha, raha yenyewe ndiyo iliyokatwa. Simama pale pale dukani, achia kurasa zipite chini ya kidole gumba huku ukifuata namba kwenye pembe, kisha kifungue kitabu katikati na usikilize mgongo. Gundi ikilia, kurasa zitaanza kuchomoka kabla hujamaliza sura ya tatu.

Baada ya ukaguzi huo, chaguo langu la kwanza ni riwaya za mpelelezi Bwana Msa, na upendeleo huu siufichi. Muhammed Said Abdulla alimleta kwetu katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akaendelea naye katika Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu, na mpaka leo sijakutana na mpelelezi wa Kiswahili anayenistarehesha kama mtu yule na kiko chake, aliyetulia huku rafiki yake Najum akihangaika kutafuta jibu. Lugha ya Abdulla ni ya Unguja, tamu na yenye mafumbo, na msomaji anayesoma kwa makini hupewa nafasi ya kushindana na mpelelezi huyo. Ndiyo maana katika riwaya hizi ukurasa mmoja tu ukikosekana ni hasara kubwa.

Nafasi ya pili naipa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Yasmin, binti aliyeozwa mume mzee asiyempenda katika Zanzibar ya enzi za ukoloni, anatosha kumkeshesha mtu, ingawa kwa urefu wake riwaya hii inafaa likizo kuliko safari ya boti. Ya tatu ni Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, kwa anayetaka mbio na hatari za mpelelezi Willy Gamba.

Nakala za fotokopi zinazouzwa kando ya barabara siziweki katika orodha. Namba za kurasa mara nyingi zimekatwa, na mwandishi hapati hata senti.

Linaloniudhi zaidi ni nailoni ambayo baadhi ya maduka hufungia vitabu. Nilipokirudisha kile kitabu, nilichokilipia shilingi 18,000, muuzaji alinijibu kwamba kitabu kikishatolewa kwenye nailoni hakirudishwi, ilhali nailoni hiyo hiyo ndiyo iliyonizuia kukikagua. Mnunuzi wa kitenge hukikunjua akakitazama kwenye mwanga, mnunuzi wa redio huiwasha, lakini sisi wa vitabu tunatakiwa kulipa kwanza ndipo tujue tulichokinunua. Duka lenye kuwajali wasomaji lingeweka japo nakala moja wazi kwa kila riwaya. Nilimwomba anifungulie nakala nyingine nisome zile kurasa 16 nikiwa nimesimama hapo hapo. Akaniambia ninunue kwanza.