Utando wa kolajeni baada ya kung'oa gego: huduma ya kliniki moja ya meno Mwanjelwa

Gego langu la chini lilipong'olewa katika kliniki moja ya binafsi iliyo karibu na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, usaha wa muda mrefu ulikuwa umekwisha kula ukuta wa mfupa upande wa shavu. Daktari alishauri tundu lijazwe chembechembe za mfupa, kisha lifunikwe kwa utando wa kolajeni (protini ya ngozi na mifupa) kabla ya kushonwa, kwa kuwa nilikusudia kupandikiza jino baadaye.

Maelezo yake yalikuwa bora kuliko nilivyozoea. Ufizi hukua haraka kuliko mfupa, hivyo huwahi kujipenyeza ndani ya tundu na kuchukua nafasi ya mfupa; utando huuzuia mpaka mfupa ujijenge. Utando wa aina ya zamani, wa PTFE (aina ya plastiki isiyoyeyuka mwilini), hufanya kazi hiyo hiyo, lakini mgonjwa hulazimika kupasuliwa tena ili utolewe, ilhali wa kolajeni huyeyushwa na vimeng'enya vya mwili katika muda wa wiki kadhaa hadi miezi 6 hivi, kutegemea ulivyoimarishwa kiwandani.

Nina lawama moja. Kolajeni hiyo hutokana na ng'ombe au nguruwe, nami nilionyeshwa pakiti (wangu ulikuwa wa ng'ombe) baada tu ya kuuliza. Katika mji wenye Waislamu na Wasabato, jambo hilo lilistahili kuanza kwa daktari, tena kabla ya sindano ya ganzi.

Uangalizi wa baadaye ulikuwa mzuri. Muuguzi alipiga simu kuulizia uvimbe, akanikumbusha nisivute sigara wala kunywa kwa mrija, maana nyuzi zikiachia na utando ukabaki wazi, bakteria wa kinywani huumaliza kabla mfupa haujashika. Viazi vya kuponda vilinitosha. Kidonda kilifunga vizuri, na picha ya eksirei iliyopigwa miezi kadhaa baadaye ilionyesha mfupa umejaa.

Bei ya utando ilizidi kwa mbali gharama ya kung'oa jino lenyewe, ingawa risiti ilichanganua kila kitu. Kwa jino la kawaida ambalo mfupa wake ni mzima, na mgonjwa hana mpango wa kupandikiza jingine, sioni sababu ya kuulipia, kwani damu inayoganda tunduni hutosha. Anayetoka Tukuyu au Chunya ahesabu pia nauli ya kurudi kutolewa nyuzi na kupigwa picha, na aulize mapema kuhusu malipo ya picha, kwa sababu kwangu hayakuwamo katika bei ya awali.