Miezi saba na dikoda ya kamera kwenye chumba cha walinzi

Mzee wa zamu ya usiku ndiye aliyenipigia. "Fundi, lile lori limetoka getini nikiliona kwa macho yangu, mbona huku kwenye skrini bado limesimama?" Nilipofika nikaangalia saa iliyo pembeni mwa picha: 02:14:37. Haisogei. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tisa. Picha imeganda zaidi ya nusu saa na hakuna aliyeshtuka, maana geti la ghala usiku hutulia hivyo hivyo. Dikoda ya zamani, yaani kifaa kinachofumbua data ya kamera kuwa picha ya skrini, ilikuwa inawasha taa ya kijani tu: imeunganishwa, basi.

Hiyo ndiyo sababu nilipokwenda Kariakoo kutafuta nyingine sikuulizia kwanza idadi ya chaneli. Niliomba wanifungulie ukurasa wa hali ya mashine. Niliyoinunua inaonyesha, kwa kila kamera, fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, kasi ya data na pakiti (vipande vya data) zilizopotea njiani, na chini yake mzigo wa prosesa, yaani ubongo wa mashine. Ghala liko Kurasini, lina kamera 14, na namba hizo zimeniokoa mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa kamera ya geti la nyuma. Mtu akipita, picha inavunjika vipande na kuburuta kivuli cha kijivu nyuma yake. Mwenye ghala alishaamini nimemuuzia dikoda mbovu. Nikafungua ukurasa: mzigo wa prosesa asilimia 40, pakiti zinazopotea asilimia 3. Kila pakiti ya video huja na namba yake ya mfuatano, kwa hiyo dikoda ikikuta pengo inajua kuna kitu hakikufika. Tatizo lilikuwa njiani. Tukapima kebo, ikavuka mita 120, wakati mwisho wake ni 100. Tukaweka swichi ya mtandao katikati, upotevu ukashuka hadi sifuri. Pia nilipunguza umbali wa fremu kamili, ile inayobeba picha nzima badala ya mabadiliko tu, kutoka kila fremu 100 hadi kila fremu 50. Kwa fremu 25 kwa sekunde, picha ikiharibika inajisafisha ndani ya sekunde 2 badala ya 4.

Mara ya pili mwenye ghala alitaka kamera zote zionekane kwa 1080p, yaani picha ya nukta 1920 kwa 1080. Picha zikaanza kurukaruka. Kwa macho ungesema ni mtandao tena, lakini safari hii upotevu ulikuwa sifuri, fremu 12 kwa sekunde, prosesa asilimia 97. Dikoda yenyewe ilikuwa imezidiwa. Nikamwonyesha hesabu: skrini ya 1920 kwa 1080 hata ukiigawa vyumba tisa tu, kila chumba kinapata 640 kwa 360. Picha kubwa yote ile inafumbuliwa kwa jasho kisha inabanwa. Nikaweka strimu ndogo (video ya kamera ile ile kwa nukta chache) kwenye vyumba, na strimu kubwa inaitwa pale tu mlinzi anapokuza kamera moja. Prosesa ikashuka hadi 35.

Kinachoniudhi ni kwamba namba hizo hazihifadhiwi. Ukiuliza saa kumi alfajiri kulikuwaje, hakuna jibu. Tahadhari nayo hulia kamera ikikatika kabisa, siyo picha ikiganda, na kuganda ndiko kunakompumbaza mlinzi. Nashukuru inakubali SNMP, njia ya vifaa vya mtandao kutoa namba zao, kwa hiyo nimeiunganisha na Zabbix, programu ya kufuatilia na kutunza namba hizo: inasoma kila dakika, na fremu zikikaa chini ya 15 kwa dakika 2 napata ujumbe kwenye simu. Kazi hiyo ilinichukua siku nzima, na muuzaji hakunidokeza lolote. Nikiwa na shaka na kamera moja naifungua pia kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye laptopu, upande wa takwimu, nilinganishe fremu zilizopotea.

Kwa ghala la ukubwa huu ningeinunua tena. Kwa sehemu yenye kamera nyingi na hakuna fundi wa kuiunganisha na mfumo wa kutunza namba, nisingemshauri mtu.