Mwaka mmoja na kitengo cha elimu maalumu Ilemela

Binti yangu mwenye ualbino ametimiza mwaka mmoja katika shule ya msingi ya serikali yenye kitengo cha elimu maalumu, wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, Tanzania. Jina la shule silitaji, kwa ajili ya faragha ya watoto, lakini huduma yake nimeiona kwa karibu.

Alikotoka aliketi dawati la nyuma katika darasa lililofurika, na kila nilipolalamika niliambiwa nimnunulie miwani. Miwani alikuwa nayo. Uoni hafifu wa mtu mwenye ualbino hutokana na upungufu wa melanini (rangi asilia ya ngozi, nywele na macho) unaoathiri ukuaji wa retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kwa hiyo miwani humsaidia kwa kiasi tu, na ubao ulio mbali hubaki ukungu. Kwa kutolijua hilo, walimu walimwita mzito wa kuelewa, neno lililoniuma kuliko yote.

Hapa mambo yalianza kwa maswali. Kabla ya kumpangia darasa, mwalimu wa elimu maalumu alikaa nami akauliza mtoto huona nini, kwa umbali gani na katika mwanga upi, akayaandika majibu yangu kwenye jalada kuwa ni maelezo ya mtu anayemjua mtoto. Sikuwa nimewahi kusikilizwa hivyo shuleni. Siku ile ile tulikubaliana juu ya dawati la mbele lisilopigwa na jua la dirishani, lenzi ya kukuzia, ruhusa ya kusogea hadi ubaoni, na kofia pana awapo mstarini. Husoma pamoja na wenzake wote na kwenda kitengoni kwa saa chache tu, utaratibu ambao naona unamfaa zaidi kuliko kutengwa siku nzima.

Upungufu upo. Mwalimu ni mmoja, na akiugua kitengo hufungwa. Ada hakuna, ila nauli ya daladala kutoka Buhongwa, ya mtoto na ya anayemsindikiza, ni mzigo wa kila siku. Vitabu vyenye maandishi yaliyokuzwa navyo havikutosha. Watoto watatu walitumia kimoja, ilhali mtoto anayesoma kwa kuinamia ukurasa hawezi kuutazama pamoja na mwingine. Niliomba kwa mdomo mara kadhaa bila mafanikio. Hatimaye niliandika barua ya heshima, nikaitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Majibu ya maandishi yalikuja baada ya wiki mbili, na vitabu viwili vimekwisha kufika. Mzazi atakayemleta mtoto hapa aje na taarifa ya kliniki ya macho, na maombi yake ayaandike tangu siku ya kwanza.

Mwakani binti yangu atafanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Baraza la Mitihani huwaandalia wenye uoni hafifu karatasi za maandishi yaliyokuzwa na kuwaongezea muda, na mwalimu amekwisha kuniita tuhakikishe mahitaji yake yanaandikwa mapema wakati wa usajili.