La Paz na begi mgongoni: nyota tano kwa Teleférico (magari ya waya ya mji), mbili kwa hosteli

Nyota nilizotoa zinatofautiana sana, lakini sababu ni moja. La Paz, kule Bolivia, Amerika Kusini, ni mji wa kupanda na kushuka, na kila pumzi unayovuta ina kama theluthi mbili tu ya oksijeni uliyoizoea Dar. Kitanda cha bei nafuu mahali pabaya kitakugharimu kifua.

Kwa waliowahi kupanda Kilimanjaro, picha inakuja haraka. Katikati ya La Paz ni kama mita 3,600, karibu sawa na vibanda vya Horombo (3,720), ambavyo kwa njia ya Marangu unavifikia siku ya pili baada ya kuimbiwa "pole pole" njia nzima. Uwanja wa ndege uko juu zaidi, El Alto, mji jirani ulio juu ya La Paz, kwenye mita 4,000 na ushee. Ndege haijui pole pole. Unashuka, unanyanyua begi kwenye mkanda, unasikia moyo unadunda masikioni.

Hosteli yenyewe sitaitaja jina. Tangazo lilisema ni dakika tano kutoka Plaza San Francisco, uwanja wa katikati ya mji, na ni kweli kwa anayeshuka. Kurudi ni kupanda barabara ya mawe, halafu ngazi hadi ghorofa ya tatu, halafu bweni la dabodeka ambamo nilipewa kitanda cha juu. Usiku baridi kali, hakuna hita. Bomba la kuogea lina kipasha maji cha umeme juu yake: ukifungulia maji yaje kwa nguvu yanatoka ya baridi, ukitaka ya moto unakaza koki mpaka yawe uzi, unajimwagia kwa zamu, bega moja kwanza. Mablanketi, nikiri, yalikuwa mazito na safi. Mapokezi waliweka chupa ya chai na bakuli la majani ya koka, jimiminie mwenyewe, bure. Wenyeji wanaamini yanasaidia, na mimi kikombe kilinituliza, ingawa sijui kama ni jani au ni yale maji ya moto. Bolivia jani hilo ni halali na linauzwa sokoni wazi. Kwetu Tanzania liko kwenye orodha ya dawa za kulevya, kwa hiyo hata pakiti moja ya chai hiyo usirudi nayo kwenye begi.

Sasa Teleférico. Mistari mitatu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2014: mwekundu, wa njano na wa kijani, rangi za bendera yao. Sasa iko kumi. Kwetu tukisikia magari ya waya tunawaza watalii na mlima; huku ndiyo usafiri wa watu kwenda kazini. Nauli nilipopita ilikuwa boliviano 3, na ukiunganisha mstari mwingine unaongeza 2. Kabini inabeba watu kumi na nyingine inafuata sekunde chache nyuma yake. Haisimami kabisa kituoni, inapunguza mwendo tu, hivyo vua begi ukiwa bado kwenye foleni. Ukiingia, salimia. Kila anayeingia husema buenos días, yaani habari za asubuhi, na kimya chako kitaonekana.

Panda mwekundu kutoka stesheni ya zamani ya reli kwenda El Alto. Unapita juu ya makaburi ya mji, yaliyopangwa kwa ghorofa, kila moja na kidirisha cha kioo chenye maua ndani. Mbele yangu alikaa mama mwenye kofia ya duara na sketi pana, mzigo wake mgongoni ndani ya aguayo, kitambaa cha mistari kinachofungwa kifuani kama mbeleko. Hakutazama nje hata mara moja. Mimi nilikuwa nimebandika paji la uso kwenye kioo: Illimani ilikuwa wazi, mita 6,438 za mlima, juu kuliko Kibo yetu.

Ukifika juu siku ya Alhamisi au Jumapili, umeingia soko la 16 de Julio. Vipuri vya magari, mbwa, mabati, na mitumba isiyo na mwisho. Ushauri wangu: usibebe jaketi zito kutoka nyumbani, nunua hapo.

Lakini siku ya kwanza usipande huko. Fanya kinyume: chukua wa njano kisha wa kijani, shuka hadi Zona Sur, mitaa ya kusini mwa mji, ambako ni chini kwa mamia ya mita. Kichwa changu, kilichokuwa kinagonga tangu uwanja wa ndege, kilianza kuachia nikiwa hata sijamaliza supu. Vyumba vya huko ni ghali zaidi na hosteli ni chache, ila kwa usiku wa kwanza na wa pili ningelipa bila kunung'unika.

Kasoro ya Teleférico ni kwamba usiku hufungwa, na Jumapili mapema zaidi. Ukichelewa, kuna mabasi madogo ambayo konda anapiga debe dirishani kwa kasi ambayo Kihispania changu hakikuifikia, au teksi. Ya teksi, patana bei kabla hujafungua mlango.