Atelie ya plaketi za mukuba Kamalondo: kazi safi, ila saa yao ni ya kwao

Mwenye anatafuta fasi ya kutengenezesha plaketi ya kumuheshimu mtu hapa Lubumbashi, mi namutuma kwa hii atelie ya mukuba, yaani shaba, ya kule Kamalondo. Haina hata kibao mlangoni, uliza tu fundi wa tablo za shaba, vijana wa barabarani watakupeleka, nyundo yenyewe utaisikia kabla hujafika.

Sisi komande yetu ilikuwa ya sherehe ya tarehe 28 mwezi wa tisa, siku ya dunia ya haki ya kupata habari, ile UNESCO iliitangaza 2015 na Umoja wa Mataifa nao ukaikubali 2019. Wamarekani wanaheshimu watu wao wa mambo hayo tarehe 16 mwezi wa tatu, siku aliyozaliwa rais wao wa zamani James Madison. Basi na sisi tuna wa kwetu, lakini tulikubaliana hakuna vikombe vya plastiki vya rangi ya dhahabu, mtu amezungushwa kwenye mabiro miaka na miaka halafu unamupa kitu ambacho kufika Noeli kishavunjika shingo? Hapana bwana.

Bei ndiyo ilinifurahisha kwanza. Si ya chini, tusidanganyane, ila papa fundi anaweka bati la shaba kwenye mizani mbele ya macho yako, anakuambia shaba ni kiasi hiki, ubao wa nyuma kiasi hiki, mkono wangu kiasi hiki, anaandika yote kwenye daftari na anakuacha upige picha. Avansi nusu, nusu ingine siku ya kuchukua. Kuna mabiro humu mjini ukiomba tu kuona karatasi ya hesabu wanakuuliza nani amekutuma, wakati konstitisyo ya Kongo ya 2006 article 24 imesema wazi kila mtu ana haki ya kupata habari.

Kazi yenyewe sasa. Anachora na kalamu, anageuza bati, anapiga kwa nyuma na kipatasi butu pole pole mpaka herufi zinajitokeza mbele, halafu anageuza tena anakaza pembeni pembeni. Kisha anapaka dawa, shaba yote inakuwa nyeusi, anasugua, nyeusi inabaki chini kwenye mashimo na herufi zinawaka. Vernisi ndiyo ya mwisho, bila hiyo itaota kijani. Ukae umuangalie, mi nilikaa mpaka wakanisahau.

Tulibishana kidogo juu ya maneno. Yeye amezoea kuandika "kwa mchango wako mkubwa" na kichwa cha swala pembeni, kila plaketi ya mji huu ni hivyo, ya mchezaji wa mpira, ya pasta, ya meneja anayeenda pansheni. Mi nikamwambia papa, huyu tunamuheshimu kwa sababu alifungua droo ya karatasi zilizofichwa, kwa hiyo tuandike droo gani. Mmoja wetu ni mzee anayetembea na fotokopi ya dekre, amri ya serikali, namba 011/26 ya tarehe 20 mwezi wa tano 2011, ile inayosema mkataba wa maliasili lazima utolewe hadharani ndani ya siku 60, anaenda kuwasomea watu wanaoishi karibu na machimbo kwa Kiswahili, wajue kontra ya madini si siri ya wakubwa. Yake tuliandika "011/26 SIKU 60" herufi kubwa kubwa na jina lake chini, basi. Kila mgeni anayeingia kwake sasa anauliza hiyo 60 ni ya nini, na mzee ukimuuliza hivyo umekwisha, hutoki leo.

Ile kubwa ilikuwa ya marehemu: Pascal Kabungulu, mtetezi wa haki za binadamu aliyeuawa Bukavu 2005, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waandishi wa habari wa Radio Okapi waliouawa Bukavu pia, 2007 na 2008, na Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu wa Kinshasa aliyeuawa 2010. Hapa njo shida ilitokea, kijana wa atelie aliongeza "n" akapiga "Namunjimbo", na shaba ikishapigwa haifutiki, ukiirudisha kwa nyundo kovu linabaki. Papa hakubishana, alichukua bati mpya kwa pesa zake akaanza upya, kabla ya kuanza akaniuliza kila mmoja alikuwa nani na alifanya nini. Kwa hilo tu nitarudi.

Lakini saa, ayayaye! Kila siku ni "kesho asubuhi". Umeme ukikatika mashine ya kusugua inalala, hilo naelewa, ila basi nipigie simu, usiniache nipande pikipiki kuja bure. Tulichukua ile kubwa asubuhi ya sherehe yenyewe na vernisi bado inanata, kidole cha MC kimebaki pale kwenye 2008, hakitoki.

Na ndoano za nyuma ni za waya mwembamba, hazibebi uzito ule, nunua skrubu zako. Maneno yaandike na kompyuta, usimsomee kwa mdomo, na komande upeleke mwezi wa saba. Mi nawapa 4 kwa 5.