Chanjo za watoto wa mbwa: kliniki moja ya Kamalondo, Lubumbashi

Muuzaji wa mbwa akikuapia kwamba mtoto wa wiki tano "amekwisha chanjo zote", usibishane naye. Mpeleke mnyama kliniki. Sisi tulimpeleka wetu katika kliniki ndogo ya wanyama upande wa Kamalondo, na kilichonifanya niiamini ni kwamba daktari alikataa kumchanja siku ile. Alimpima uzito, akamtazama ufizi na macho, akampa dawa ya minyoo, kisha akamwambia mke wangu: "Mama, huyu angali analindwa na maziwa ya mama yake. Nikimchoma leo, kinga hiyo itaizuia chanjo kufanya kazi, nanyi mtakuwa mmenipa feza bure."

Maelezo hayo ni sahihi. Mtoto wa mbwa hupata kinga kutoka kwa maziwa ya kwanza ya mama, hasa katika siku ya kwanza ya maisha yake, na kinga hiyo hupungua polepole bila kumwishia kila mmoja kwa wakati uleule, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Kwa sababu hiyo chanjo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho ya mfululizo huo hutolewa mtoto akiwa ametimiza wiki 16 au zaidi. Dozi hiyo ndiyo ambayo wengi wetu huiruka, kwa kuwa mbwa amekwisha kunenepa na hana dalili yoyote ya ugonjwa. Hapa huandikiwa tarehe ya kurudi kwenye kitabu cha chanjo, na usipotokea wanakupigia simu.

Chanjo yenyewe hukinga parvo (ugonjwa wa kirusi unaomharisha mbwa vibaya), ugonjwa wa Carré (kwa Kiingereza distemper) na homa ya ini ya mbwa. Ile ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki ya 12 na kurudiwa baada ya mwaka. Daktari hutoa kichupa cha unga mkavu mbele yako, hukichanganya na maji yake papo hapo, hubandua lebo yenye namba na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kuibandika kitabuni. Friji yao ina kipimajoto, na chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Katika jiji ambalo umeme hukatika kama letu, niliridhika kusikia jenereta ikinguruma uani. Bei ni kubwa kuliko ya wale wanaopita mitaani na vichupa mfukoni, lakini sioni chanjo gani inaweza kubaki hai mfukoni katika jua la mwezi wa Oktoba.

Kasoro yao ni sehemu ya kungojea. Mbwa wagonjwa na watoto wasio na kinga hukaa pamoja kwenye sakafu moja, ilhali kirusi cha parvo hutoka kwa wingi katika kinyesi, huishi kwa miezi mahali kilipodondoka, na sabuni ya kawaida haikiui; panahitajika maji ya javeli, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mpaka watakapowatenganisha, mlete mtoto wako ndani ya katoni, usimweke chini hata kidogo, na mngoje nje hadi muitwe.